Posti Niliyoifuta, na Mmea Ulioko Nje ya Mlango



Nimechelewa kuandika wiki hii. Wengi mmeniuliza neno la Jumatatu liko wapi, na wengine mmeuliza kwa nini ile posti ya mimea ya nyumbani haionekani tena kwenye ukurasa huu. Nimeifuta mimi mwenyewe. Leo nataka kuwaeleza sababu, na nitaandika kwa urefu kidogo. Kama uko kwenye matatu, soma mpaka utakaposhuka, umalizie nyumbani.

Kwa wale ambao hawakuiona: mwezi wa tatu niliweka picha ya sebule yetu hapa Free Area. Mama Pasta alikuwa ametoka kununua mimea mitatu kwa kijana anayeuza miche kando ya barabara kuu ya kwenda Nairobi. Mmoja ni ule unaoitwa mmea wa nyoka, wenye majani marefu yaliyosimama wima kama panga, yana mabaka ya kijani na ukingo wa njano. Wa pili ni ule unaotambaa, watu huuita mani planti. Dada mmoja wa kwaya aliniuliza kama ni kweli unaleta pesa. Nikamwambia ungekuwa unaleta, yule kijana hangetuuzia kwa shilingi mia mbili. Wa tatu ulikufa baada ya wiki mbili, sitausema.

Chini ya picha niliandika kwamba shirika la anga la Marekani, NASA, limethibitisha kuwa mimea hii husafisha hewa ya ndani ya nyumba na kuondoa sumu, na kwamba mmea wa nyoka hutoa oksijeni hata usiku tukiwa tumelala. Halafu nikaongeza Neno. Nikawapeleka Mwanzo sura ya pili, nikawakumbusha kwamba Mungu alipanda bustani na akamweka mtu ndani yake, na kwamba mtu huyo alikuwa ameishi kwa kupuliziwa pumzi. Nikahitimisha kwamba nyumba isiyo na mmea ni nyumba ambayo Adamu angeikataa. Watu walicheka, wakaandika Amina, wakashea. Posti zangu nyingi hupata Amina thelathini hivi. Ile ilishewa zaidi ya mara mia nne, na ninakiri nilikuwa naichungulia kila baada ya dakika kumi.

Habari yenyewe niliitoa wapi? Ililetwa kwenye kundi la WhatsApp la wachungaji, ikiwa na ile alama inayoonyesha imesambazwa mara nyingi. Mimi ambaye huwahimiza mchunguze kila mafundisho kama wale ndugu wa Beroya, sikuchunguza hata mstari mmoja.

Sasa nije kwenye mwezi wa saba.

Mnaijua baridi ya Nakuru mwezi wa saba. Mji wetu uko juu ya usawa wa bahari mita 1,850 hivi, na ukipanda kidogo kuelekea Molo au Mau Narok unakuta watu wamevaa makoti adhuhuri. Kuna dada mmoja wa kanisa letu anayeishi Kaptembwa, kwenye ploti ya vyumba vilivyopangana, yeye na mtoto wake wa miaka minne, chumba kimoja. Jina silitaji. Nilimsomea maneno haya kabla ya kuyaweka hapa, na amenipa ruhusa.

Dada huyu anauza githeri. Huchemsha mahindi na maharagwe usiku kucha kwa moto wa polepole, ili ikifika saa kumi na mbili asubuhi mafundi wa mjengo na watu wa boda wapate kula kabla ya kazi. Jiko lake la makaa lilikuwa likikaa nje mlangoni, kwenye veranda. Mwezi wa sita wezi walikuja usiku wakabeba jiko pamoja na sufuria, githeri ikiwa ndani na moto ukiwaka. Mpaka leo tunajiuliza walilibebaje. Alikopa pesa kwenye chama akanunua jingine, na tangu siku hiyo akawa anasubiri makaa yashike vizuri, yawe mekundu, moshi uishe kabisa, ndipo analiingiza ndani na kufunga mlango.

Usiku huo mtoto alikuwa na kifua. Mama akaziba nafasi ya chini ya mlango kwa gunia ili upepo usiingie. Kidirisha cha juu kilikuwa kimepigiliwa misumari na mwenye nyumba zamani. Na kwenye kona, karibu na kitanda, kulikuwa na mmea wa nyoka ndani ya mkebe wa rangi uliokatwa. Aliununua mwezi wa nne, baada ya kusoma posti ya pasta wake.

Jirani yake huuza mboga. Kila siku saa kumi na nusu alfajiri humgongea amwachie mtoto wake mdogo, kisha aende sokoni. Siku hiyo aligonga, hakujibiwa. Akagonga tena. Akasikia harufu ya githeri inayoungua. Akaita watu, mlango ukavunjwa. Mama alikuwa sakafuni, mkono umeelekea kwenye komeo. Mtoto alikuwa kitandani, ametapika na amelegea kama nguo iliyolowa. Wote wawili walikuwa hai. Vijana wa boda wakawabeba mpaka hospitalini, mmoja akiendesha na mwingine ameketi nyuma kumshika mgonjwa asianguke. Mungu awabariki vijana wale, maana tunawasema sana.

Nilipigiwa simu saa kumi na moja na robo. Nilipofika nikawakuta watu wamesimama kwenye ujia, na mama mmoja akaninong'oneza kwamba kuna mtu wa kwao huyu dada aliyemtupia kitu, kwa sababu ya wivu wa biashara. Nami, mtumishi wenu, nilikuwa nimeshavua koti na kufungua kinywa nikemee. Nesi mmoja wa kanisa letu, ambaye kazi yake iko kwingine kabisa lakini alikuwa amekuja mbio kama sisi, akanishika mkono. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Pasta, omba. Lakini jua hii ni jiko."

Wakawekewa oksijeni kwa saa nyingi. Mtoto ndiye aliyeanza kuomba chai. Mama alipoweza kuzungumza ilikuwa karibu adhuhuri, nami nikamkaripia kidogo, kwa upendo, jinsi sisi wachungaji tunavyofanya. Nikamwuliza, "Dada yangu, uliwezaje kulala na jiko ndani, umefunga kila mahali?"

Akanitazama kama mtu anayeshangaa kwa nini namuuliza.

"Lakini pasta," akasema, "mmea ulikuwa ndani."

Nilitoka nje nikaketi kwenye benchi. Mama Pasta alinikuta hapo, akadhani mgonjwa amekufa.

Wapendwa, baada ya siku ile nilifanya nilichopaswa kufanya mwezi wa tatu. Nilikaa na yule nesi, na kijana wetu mmoja anayesoma chuoni Njoro, tukasoma. Nitawaeleza tulichokikuta kwa lugha ya kawaida.

NASA walifanya utafiti huo kweli. Ripoti yake ni ya mwaka 1989, na kiongozi wake ni mwanasayansi aitwaye Bill Wolverton. Shida yao ilikuwa chombo cha angani: kimefungwa pande zote, na huko juu hakuna dirisha la kufungua. Wakaweka mimea ndani ya masanduku yasiyopitisha hewa, wakaingiza kemikali kama benzeni na fomaldehaidi, zile zinazotoka kwenye rangi, gundi na fanicha mpya, kisha wakapima baada ya saa kadhaa. Kemikali zilipungua. Mmea wa nyoka ulikuwa mmojawapo. Hadi hapo hakuna uongo. Uongo ulianza pale sisi tulipochukua jambo lililotokea ndani ya sanduku lililofungwa tukalihamishia sebuleni.

Mwaka 2019 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Drexel huko Philadelphia, Bryan Cummings na Michael Waring, walikusanya matokeo 196 kutoka tafiti 12 za namna hiyo, wakapiga hesabu upya kwa nyumba ambazo watu wanaishi. Walikuta kwamba ili mimea isafishe kemikali hizo kwa kiasi kinachosafishwa na hewa inayoingia na kutoka tu kwenye jengo la kawaida, ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu. Chumba cha dada yetu ni mita tatu kwa tatu. Hesabu ile ndogo kabisa inampa mimea 90. Yeye na mtoto wangelala wapi?

Na hizo ni kemikali za rangi na gundi. Kilichomwangusha si hizo. Makaa yanapowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ukiivuta inashika chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kwa hiyo damu inazunguka mwilini lakini haibebi kile mwili unachongoja. Kwanza kichwa kinauma, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inakosa nguvu. Mtu akiwa macho anaweza kutoka. Akiwa amelala, mara nyingi haamki.

Hapa nataka msome polepole, kwa sababu karibu kila nyumba niliyotembelea tangu mwezi wa saba imenijibu hivi: "Sisi huingiza jiko baada ya moshi kuisha." Moshi ndio unaokukohoza, ndio unaokukimbiza nje. Ukiisha, gesi hii inabaki. Makaa mekundu, yaliyoshika vizuri, yasiyo na moshi hata kidogo, ndiyo yanayoitoa kwa wingi bila kukuonya. Wala usinijibu kwamba jiko lako ni lile zuri la udongo linalotunza makaa. Linatunza makaa kweli, lakini gesi inatoka vilevile.

Kuhusu mmea wa nyoka kutoa oksijeni usiku: ni kweli kwamba tofauti na mimea mingi, huo hufungua matundu ya majani yake usiku na kuvuta hewa ya ukaa. Basi watu wakajenga juu ya hilo mpaka wakafika hospitali. Oksijeni inayoweza kutoka kwenye mkebe mmoja ni kidogo sana mbele ya mahitaji ya mama na mtoto. Na hata ingekuwa nyingi, isingemwondolea mtu kaboni monoksidi iliyojaa chumbani.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kutokana na hewa chafu ya majumbani, ile ya kuni, makaa, kinyesi cha ng'ombe na mafuta ya taa, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Nimehubiri mazishi mengi ya watoto wa "nimonia". Sikuwahi hata mara moja kuuliza walikuwa wanapikia wapi.

Neno ambalo Roho alinirudisha kwalo si lile la bustani. Ni Mambo ya Walawi 14, sura ambayo wengi wetu tukifika huko kwenye mpango wa kusoma Biblia kwa mwaka tunairuka. Mwenye nyumba akiona alama za kijani au nyekundu zinazoingia ndani ya ukuta, anaambiwa aende kwa kuhani. Kuhani anaamuru vitu vitolewe kwanza, ndipo anaingia, anakagua kuta. Nyumba inafungwa siku saba. Anarudi. Ugonjwa ukiwa umeenea, mawe yenye alama yanang'olewa yakatupwe nje ya mji, kuta zinakwanguliwa, plasta mpya inapakwa. Ukirudi tena, nyumba inabomolewa. Niliisoma mara tatu nikimtafuta kuhani aliyeweka kitu kizuri mbele ya ukuta ule ili usionekane. Hayumo. Kuhani aliingia nyumbani mwa watu na kutazama kuta. Mimi miaka kumi na minne ya utumishi nimeingia kwenye nyumba zenu, nimekunywa chai yenu, nimeombea kuta zenu na mafuta nimepaka kwenye milango. Kutazama kama dirisha linafunguka, hapana.

Na kuna Eutiko, yule kijana wa Troa kwenye Matendo 20. Tumemcheka sana kwenye mahubiri, kwamba alisinzia Paulo akihubiri. Tazama tena. Walikuwa orofa ya tatu, usiku, watu wamejaa, na Luka anataja kwamba palikuwa na taa nyingi. Taa za siku zile ni moto na mafuta. Luka alikuwa tabibu, na mimi kwa maoni yangu hakuzitaja taa hizo bure. Kijana alikuwa amekaa dirishani. Labda ndipo alipopata pa kupumulia.

Hilo linanileta kwenye makesha yetu wenyewe, na hapa naungama la pili. Kanisa letu ni la mabati. Majirani walilalamikia kelele, haki yao, tukaanza kufunga madirisha yote usiku. Baridi ikaja, wazee wakaomba majiko mawili yawekwe mbele, karibu na madhabahu. Nikakubali. Ikifika saa nane usiku watu walikuwa wanaumwa kichwa, wengine wanatoka kutapika, wengine wanaanguka, nami nikipaza sauti kwamba ufunguliwaji umeanza. Sisemi kila aliyeanguka aliangushwa na jiko. Mungu wetu yu hai na anagusa watu. Lakini yule nesi aliniuliza swali moja: "Pasta, wale walioanguka, walikuwa wamekaa upande gani?" Nikakumbuka. Mbele.

Tangu niseme haya kanisani nimepata majibu, na mengine yana uzito.

Wale wa London wameniambia kufungua dirisha ni kukaribisha moshi wa jalala la Gioto. Ni kweli, nimelala huko, nafahamu. Wao nimewaambia watazame upepo: fungueni saa ambazo hauji kwenu, na saa ya kuwasha moto msikose mlango wazi hata kama kuna harufu, maana harufu ya jalala itakukera ila jiko litakuua usiku huohuo. Na jalala lenyewe tuendelee kulipigia kelele kwenye kaunti. Tuliitwa jiji tarehe 1 Desemba 2021. Jiji lisiishie kwenye cheti.

Wengine wanasema vumbi. Jina la mji wetu lenyewe husemwa limetoka kwa Kimaasai, mahali pa vumbi, kwa hiyo vumbi ni mwenyeji kuliko sisi. Pangusa. Kuhusu mbu, weka wavu. Wezi ndilo jambo gumu zaidi, na sitamdharau mtu aliyeibiwa sufuria yenye riziki yake.

Kuna aliyeniambia, "Pasta, waambie wanunue gesi." Ndugu yangu, dada yetu ana mtungi wa kilo sita. Julai 2021 serikali ilipoweka tena VAT ya asilimia 16 kwenye gesi, aliusukuma chini ya kitanda. Ushuru ulikuja kupunguzwa, lakini mtungi haukutoka. Na hata ungetoka, nani atachemsha githeri saa nane mfululizo kwa gesi aiuze shilingi hamsini sahani? Tukitoa ushauri tuangalie pia mfuko wa tunayemshauri.

Sasa, mimea. Sijawaambia mtupe mimea. Mama Pasta angenihamisha mimi kabla ya kuihamisha. Kitu cha kijani ndani ya nyumba kinatuliza macho, kinampa mtoto kazi ya kumwagilia, na kinamkumbusha mtu aliyetoka shamba Subukia kwamba bado anajua kupanda. Usimwagilie kupita kiasi tu, udongo usiote ukungu, na sahani ya chini isiwe bwawa la mbu. Majani yasikae mahali mtoto mchanga anaweza kutafuna, maana mengine huwasha na kuvimbisha mdomo.

Tena huo mmea wa nyoka si mgeni sana kwetu. Ndugu zake wanaota porini hapa Bonde la Ufa. Oldupai kule Tanzania, mahali pale pa mifupa ya kale, pamepewa jina kwa neno la Kimaasai la mkonge wa porini wa jamii hiyohiyo. Tumeuacha porini, Wamarekani wakaupima, nasi tukaurudisha ndani kwa heshima kubwa.

Na sisi watu wa Nakuru tungepaswa kuwa wagumu kudanganyika kuhusu mimea, kwa sababu tulikua na pareto. Wazee wa Molo na Elburgon wanakumbuka: ua jeupe lenye moyo wa njano, lina dawa inayoua wadudu, na dunia nzima iliitafuta kutoka Kenya. Lakini nani aliwahi kuona mzee wa Molo akiweka shada la pareto mezani na kungoja mbu wahame? Maua yalichumwa, yakakaushwa, yakaletwa kiwandani hapa mjini, dawa ikatolewa. Nguvu ilikuwa kwenye mmea kweli, na bado ilihitaji kazi ya watu wengi kabla haijaua nzi mmoja.

Tulichofanya mpaka sasa ni hiki. Vijana wanne wa kanisa, wawili wao mafundi wa kuchomelea, wametengeneza kizimba cha vyuma kwenye ploti ile ya Kaptembwa, nje, chini ya kipande cha mabati, chenye kufuli. Majiko matatu yanaingia, sufuria zinafungiwa ndani na moto unawaka nje. Vyuma vililipiwa na sadaka ya Jumapili moja. Mwenye nyumba alikubali baada ya kuzungumza naye mara tatu, na ya tatu nilikwenda na Mama Pasta, ndiyo ikafaulu. Kile kidirisha kilichopigiliwa kimefunguliwa na kuwekewa wavu. Watu wa ploti mbili jirani wameshaomba kizimba chao, na hatuna vyuma. Mwenye chakavu za vyuma, nitumie ujumbe.

Mimi nimeanza kutembelea nyumba siku ya Jumanne na Alhamisi. Nikifika, kabla ya chai, naomba nioneshwe jiko linakaa wapi usiku na dirisha linafunguka vipi. Usione aibu. Sijaja kutazama kitanda chako. Kama nyumba nzima inaamka na kichwa kinauma, na mkitoka nje kinapungua, usingoje nifike: toeni jiko, fungueni kila kitu, muende hospitali leo.

Na kwa wale watu mia nne na zaidi mlioshea posti yangu ya mwezi wa tatu: naombeni mnisamehe, na naombeni mshee hii pia, hata kama haina picha nzuri. Kuifuta ile kwenye ukurasa wangu hakukuifuta kwenye simu zenu.

Nilipita kwa dada yetu Jumamosi. Biashara imerudi, mtoto ananisalimu kwa jina la utani ambalo sitaliandika hapa. Mmea wa nyoka sasa uko nje, kando ya mlango, kwenye mkebe uleule wa rangi. Nilimwuliza kama anataka niuondoe, asiwe anauona kila siku. Akasema, "Uache, pasta. Wateja wanaupenda."

Kesha ni Ijumaa hii, kuanzia saa tatu usiku. Tumewaomba majirani msamaha mapema na spika tutazipunguza. Majiko hayatakuwepo. Njooni na masweta na mablanketi, wazee waletewe mashuka mazito, kwa sababu madirisha yote yatakuwa wazi.